Nyumba Tatu za Kumbukani

Wote wanaorudi kutoka Kumbukani huanza habari zao na ziwa, na Siwatu naye alianza hapo, ingawa zilipita siku kadhaa kabla hajaweza kulieleza. Alikuwa mkunga wa Tunduwi, mwanamke wa miaka arubaini na saba, mwenye mikono mipana na maneno machache, wala hakuwa na tabia ya kutia chumvi. Alisema tu kwamba aliposimama ukingoni asubuhi ile, alikaa chini kwenye vumbi kama mtoto.

Ziwa lile halina tone la maji. Ni bonde lililojaa vibao vya udongo, kila kimoja ukubwa wa kiganja. Tangu zamani ambazo hakuna anayezikumbuka, nchi zote za jirani hupeleka huko kumbukumbu zao: vizazi na vifo, mvua na mavuno, ndoa, mashauri, nani alihama na nani alirudi. Vibao vimelala juu ya vibao hadi macho yanapokoma, vyeupe karibu na vya kijivu mbali, na upepo ukipita juu yake hutoka mlio mwembamba, kama vyungu maelfu vinavyogusana taratibu. Siwatu alijua kwamba mahali fulani humo vimo vibao alivyoviandika kwa mkono wake mwenyewe, miaka ishirini na mitatu ya kazi. Kila mtoto aliyewahi kumpokea alikuwamo humo, aliyelia na asiyelia.

Wasiolia ndio waliomleta. Kwa miaka sita, huko Tunduwi, watoto walikuwa wakizaliwa wafu. Si mmoja mmoja kama desturi ya dunia, bali wawili au watatu katika kila kumi. Baraza la Tunduwi lilikuwa limekwisha kuamua kwamba visima vya kijiji chake kimoja, Kiziwani, vimeingiwa na sumu. Mavuno yakiisha, visima vitajazwa mawe na familia mia mbili za Kiziwani zitahamishwa ng'ambo ya milima, maana ilisemekana kwamba watu wale wanaijua sumu yao na wamenyamaza. Siwatu alisimama mbele ya baraza akasema kwamba yeye amewapokea watoto wafu wa akina mama ambao hawajawahi hata kuonja maji ya Kiziwani.

"Wewe ni mtu mmoja," wakamwambia. "Umeona wachache. Lete habari za wote."

Wakampa siku sitini. Kumi za kwenda, kumi za kurudi, arubaini za kuuliza.

*

Kumbukani hakuna mgeni anayeruhusiwa kugusa kibao kilichokwisha kulala ziwani. Kazi ya kutafuta ni ya nyumba tatu, na kila nyumba ina maelfu ya watafutaji waliozaliwa na kulelewa kwa kazi hiyo. Sheria za kuziendea alisomewa langoni na Msajili Mkuu, Bwana Fumbwe, mtu mpole mwenye sauti ya kulaza watoto.

"Mgeni huuliza swali moja tu maishani mwake," alisoma Bwana Fumbwe. "Huliuliza kwa nyumba moja tu. Akishaapa kwa nyumba hiyo hahami. Swali lazima lianze na neno Chagua, lifuatwe na Kutoka, kisha Ambapo. Swali likivunjika mara tatu, limekufa. Aliyekwisha kuuliza, akipata jibu asipate, ataondoka Kumbukani katika siku kumi na tano. Na hakuna anayeapa kabla ya kusikiliza mjadala siku saba kamili, ili asije akasema hakujua."

"Mjadala wa nini, mheshimiwa?"

"Wa nyumba ipi iliyo bora."

"Umeanza lini?"

Bwana Fumbwe alifikiri kwa dhati. "Babu yangu aliukuta," akasema.

Ukumbi wa mjadala ulikuwa mkubwa kuliko soko la Tunduwi. Mabenchi yake yalikuwa yamelika kwa kukaliwa. Mbele walisimama wasemaji wa nyumba tatu, na nyuma yao, safu kwa safu, walikaa wageni waliokuja na maswali kutoka kila nchi. Wengine walikuwa wamekuja juzi. Wengine walikuwa wamepanda kunde nje ya ukumbi na kuzivuna mara kadhaa. Siwatu alimwona mwanamke akimnyonyesha mtoto, akaambiwa kwamba mama huyo aliingia humo akiwa mwari.

Siku ya kwanza alisimama msemaji wa Nyumba ya Pumzi Moja, amevaa nyekundu.

"Katika mashindano ya mwaka huu," alisema, "swali la saba tulilijibu kabla muulizaji hajafunga mdomo!"

"Nyumba ya Subira," alijibu msemaji wa pili, aliyevaa kahawia, "haijapoteza swali hata moja tangu nchi hii iwe nchi."

"Wala haijamjibu mtu akiwa bado na meno!"

Ukumbi ulicheka. Kisha akainuka msemaji wa Nyumba ya Nasaba, mwenye kilemba cha buluu, akatangaza kwamba nyumba yake ina kasi mara mia kuliko ya Subira. Mtu mmoja nyuma akauliza ni kwa swali gani. Msemaji akasema ni kwa swali ambalo nyumba yenyewe ililichagua.

Siwatu alitaka kujua habari za mashindano hayo. Akaelezwa kwamba kuna maswali ishirini na mawili yaliyotungwa zamani, kuhusu mfugaji fulani na mbuzi wake, na kila mwaka nyumba zote hushindana kuyajibu. Akainua mkono.

"Mfugaji huyo anaishi wapi?"

"Hakuwahi kuwapo," alisema Bwana Fumbwe.

"Na mbuzi?"

"Hawakuwahi kuzaliwa."

"Basi majibu yake yanamfaa nani?"

Bwana Fumbwe aliandika maneno yake kwa hati safi sana, akamhakikishia kwamba jambo hilo litawekwa katika ratiba ya mwaka ujao.

Aliyekaa benchi moja na Siwatu alikuwa mwanamume mwembamba, mvi zimemtawala, magotini ana rundo la karatasi zilizopigwa mistari. Jina lake Mbaruku, kwao Uvimba. Alikuwa na miaka tisa humo ukumbini. Katika karatasi zile alikuwa ameandika kila jambo lililowahi kusemwa juu ya kila nyumba: idadi ya watafutaji, wanavyokaa, wanavyopokezana, na kwamba nyumba mbili huhesabu miezi kuanzia mwezi mosi na moja huanzia sifuri, hata swali linalokubaliwa hapa hutupwa pale kwa sababu ya kijialama.

"Na wewe unauliza nini, kaka?" Siwatu alimwuliza siku ya tatu.

Mbaruku alizipanga karatasi zake ingawa zilikuwa zimepangika. "Kwetu kulikuwa na ukame, miaka thelathini sasa. Watu walitawanyika. Dada yangu Kibibi alikuwa na miaka tisa, akashika mkono wa majirani, mimi nikashika mkono wa baba. Njia ikagawanyika. Nataka kujua alifika wapi." Akaigusa karatasi ya juu. "Ni swali zito. Lazima wapekue kumbukumbu za nchi zote. Na ni moja tu. Nikichagua nyumba vibaya, basi tena."

"Miaka tisa, kaka Mbaruku!"

"Mwaka wa pili nilikuwa tayari. Wakatangaza kwamba Pumzi Moja inafundisha watafutaji wapya. Nikasema ningoje. Mwaka wa nne ikafunguliwa Nyumba ya Nasaba. Nikasema ningoje niione. Kila mwaka kuna jambo." Alitabasamu bila furaha. "Huwezi kuamini jinsi mwaka unavyopita upesi ukiwa unalinganisha."

*

Siwatu hakuwa na miaka. Siku saba zilipotimia alikwenda kuapa kwa Nyumba ya Pumzi Moja, kwa kuwa ilisifiwa kuliko zote kwa mbio, naye alihesabu siku zake kwa vidole. Mbaruku alitaka kusema jambo, akafungua karatasi zake akianza kutafuta ukurasa. Kabla hajaupata, Siwatu alikwisha kuvalishwa utepe mwekundu.

Hakujuta mara moja. Alichokiona Pumzi Moja alikisimulia baadaye kwa sauti ya chini. Watu elfu nne walisimama wima kutoka kilindini mwa ziwa hadi mlangoni mwa nyumba, bega kwa bega, bila karatasi wala kibao mkononi. Swali lake likasomwa mwanzoni mwa mnyororo:

"Chagua kila kilichowahi kuandikwa juu ya kila mama na kila mtoto. Kutoka Tunduwi, tangu mwanzo. Ambapo mtoto alizaliwa mfu."

Hakuna aliyemwuliza kwa nini anataka vyote. Msimamizi alipiga kofi moja, na maneno yakaondoka. Yalipita mdomo hadi sikio, sikio hadi mdomo, hata mnyororo mzima ukawa unavuma kama nyuki wakihama mti. Kule mbali waliinama wakasoma vibao, na kilichosomwa kikarudi kinakimbia, kinaongezwa na huyu, kinapunguzwa na yule, hakiandikwi popote, kinaishi katika pumzi tu. Siwatu alisimama ameziba mdomo kwa mkono. Alikuwa hajawahi kuona watu wengi hivyo wakiwa kitu kimoja.

Siku ya tatu, mtafutaji mmoja aliyebeba kichwani majina elfu kumi na moja alipepesuka akaanguka. Uvumi ukakatika kote mara moja. Kwa kuwa hapakuwa na lolote lililoandikwa, hapakuwa na pa kuanzia ila mwanzo.

"Mara ya kwanza," alisema msimamizi, akaweka kokoto kwenye sahani.

Wakapumzika, wakaanza tena. Mara ya pili mnyororo ulifika siku ya nne. Majina yalikuwa yamezidi, watu walikuwa wakilia machozi kwa uzito wa walichokishika akilini, na mmoja akapiga chafya. Kokoto ya pili. Mara ya tatu haikumaliza hata siku mbili.

"Swali limekufa," alisema msimamizi, wala hakusema kwa ubaya. "Lingekuwa jepesi, bibi, ungepata jibu ukiwa bado umesimama hapo mlangoni. Sisi kwa maswali mepesi hatuna mfano."

"Mbona hukuniambia kwamba langu ni zito?"

"Hukuuliza," alisema msimamizi. "Na swali ni moja."

*

Zilikuwa zimebaki siku ishirini na mbili. Siwatu alirudi ukumbini kuchukua kitambaa chake cha safari, akakaa benchini, akakikunja na kukikunjua. Mbele, wasemaji walikuwa wakibishana kama kikombe cha mashindano kiwekwe dirishani au juu ya kabati.

"Niliona mnyororo ukikatika," alisema Mbaruku. "Pole, dada."

"Familia mia mbili," Siwatu alisema. "Watahamishwa. Na watoto wataendelea kufa, kwa sababu si kisima. Najua si kisima. Nimewafunika kwa mikono hii, nimeona rangi ya midomo yao, lakini sijui ni nini."

 Mbaruku alizikusanya karatasi zake zote za miaka tisa, akaziweka chini ya benchi.

"Nikwambie ninachokijua," alisema. "Wasemaji hawa watatu hawasemi uongo. Pumzi Moja kweli ni wa mbio, kwa swali linaloweza kushikwa akilini. Subira kweli hawapotezi kitu. Kila hatua wanaichonga kwenye jiwe na kuifungia kabatini kabla ya kugusa hatua inayofuata. Nimeingia humo mara moja, makabati yanapanda hadi mawinguni, na kuna kimya ambacho sijakisikia kwingine. Swali langu lingewafaa wao, maana mimi sina haraka. Lakini lako lingewachukua miezi mitatu. Swali lako ni zito na lina haraka. Hilo ni la Nyumba ya Nasaba."

"Lakini mimi nimekwisha kuapa, kaka."

"Wewe umeapa. Mimi bado."

Siwatu alimtazama. "Hapana."

"Sheria inasema mgeni anauliza swali moja. Haisemi lazima liwe la kwake."

"Na Kibibi?"

Mbaruku alizitazama karatasi chini ya benchi. "Kibibi, kama yu hai, ana miaka thelathini na tisa. Huenda ana watoto. Ningependa kudhani kwamba mahali alipo yuko mtu wa kuwapokea wakizaliwa." Akainuka kabla hajaweza kubadili nia. "Twende. Nikikaa tena hapa nitaanza kulinganisha."

Alipopita katikati ya safu akielekea kwenye meza ya viapo, ukumbi mzima uligeuka kumtazama. Wengi hawakuwa wamewahi kumwona amesimama.

*

Katika Nyumba ya Nasaba hawakuanza kutafuta. Walianza na mwanamke aliyeitwa Nunu, Mpangaji wa nyumba, mtu wa makamo mwenye kamba mfukoni na wino vidoleni. Alisikiliza swali lile lile lililokufa, akatikisa kichwa.

"Unataka kila kilichoandikwa? Tangu mwanzo?"

"Ndiyo," alisema Siwatu.

"Watoto walianza kufa lini?"

"Miaka sita iliyopita."

"Basi kwa nini niwapeleke watu wangu wakapekue miaka hamsini ambayo watoto hawakufa?"

"Miaka sita basi," alisema Siwatu.

"Kwenye vibao vyako unaandika nini?"

"Jina la mama, la baba, mwezi, nyota, rangi ya macho, kisima anachoteka, kinu anachosagia, shamba analolima, samaki anakonunua."

"Nyota ya nini?"

"Ndivyo tulivyofundishwa."

"Acha nyota. Acha macho. Anachokunywa, anachokula, anachogusa." Nunu alikuwa akifunga mafundo kwenye kamba huku akisema. "Na kule ziwani, kwenye ufukwe wenu wakunga, wapagazi hutupaje vibao? Ovyo?"

"La. Hutupa kwa mwaka na kwa kijiji, kama tunavyowaagiza. Wanachora mstari ukingoni."

Nunu aliacha kufunga. Kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Bibi, mstari huo utatuokolea nusu ya kazi. Sasa nisikilize. Kwanza tutawachukua waliojifungua miaka hii sita tu, waliofiwa kando na wasiofiwa kando. Halafu tutachukua vitu walivyovigusa, visima vyao, vinu vyao, mashamba yao. Halafu ndipo tutakwenda kwenye fukwe nyingine za Tunduwi, kwa wachimba visima, kwa wasagaji, kwa wahunzi, tuunganishe: kila kitu kina habari gani, na kilibadilika lini. Hupunguzi baada ya kuunganisha. Unapunguza kwanza."

Siku mbili nzima walikaa wakilikata swali. Siwatu aliona kwamba hakuwahi kujua anauliza nini hadi mtu alipomwuliza.

Siku ya tatu watafutaji waliingia. Walikaa sakafuni, miguu imekunjwa, safu duara baada ya duara katika ukumbi ambao mwisho wake haukuonekana, na kila mmoja alipakata vibao vyake. Hawakupelekeana pumzi kama wale wa kwanza wala kuchonga jiwe kama wale wa Subira. Mtu akikamilisha kibao kutokana na vibao vya wenzake, alitaja kwa sauti wazazi wake: "Hiki baba yake ni cha Sudi wa safu ya nne, mama yake ni cha Mkiwa wa safu ya tisa." Wenzake wakaitikia, na kazi ikaendelea. Mchana kutwa ukumbi uliimba nasaba za vibao.

Siku ya nane jambo ambalo Siwatu alikuwa akiliogopa likatokea. Mtafutaji wa safu ya ndani, aliyepakata visima vyote vya miaka mitatu, alizirai. Vibao viliporomoka sakafuni vikapasuka vipande vipande. Siwatu aliruka juu na sauti ikamtoka. Mbaruku akamshika mkono, na mkono wa Mbaruku ulikuwa baridi kama jiwe, kwa sababu swali lililokuwa likivunjika pale lilikuwa miaka yake tisa.

Lakini hakuna aliyeweka kokoto. Watu wawili walimtoa mwenzao nje kwenye upepo. Wa tatu akakaa mahali pake, magoti matupu. Akaita kwa utulivu, "Kilikuwa kipi?"

Na ukumbi ukamjibu. "Cha kwanza, baba yake ni changu," alisema mmoja. "Mama yake ni huku," alisema mwingine. Sauti zilitoka mbele na nyuma, kila mmoja akitaja alichochangia, na yule mpya akaandika, kibao baada ya kibao, hadi visima vya miaka mitatu vikawa magotini pake tena, vile vile, kana kwamba havikuwahi kuvunjika. Ilichukua muda wa kupika ugali.

Siwatu alikuwa amepokea watoto zaidi ya elfu mbili, akadhani hakuna la kuzaliwa litakalomshangaza tena. Alikaa pale machozi yakimtiririka, na hakuyafuta.

*

Jibu lilikuja siku ya kumi na tatu, kibao kimoja tu. Nunu aliwasomea.

Kwa waliofiwa, kisima hakikuwa na maana. Wa Kiziwani walikuwamo, wa mbali na Kiziwani walikuwamo, kwa kipimo kile kile. Shamba halikuwa na maana, wala samaki. Lakini katika kila mama kumi waliosaga unga katika vinu vitatu vya bondeni, wanne walizaa mfu. Waliosaga penginepo, katika hamsini, mmoja. Na kutoka ufukwe wa wahunzi: miaka saba nyuma, mawe ya vinu hivyo vitatu yalikuwa yametoboka kwa uzee, na mashimo yakazibwa kwa madini ya risasi yaliyoyeyushwa, ambayo ni sumu ya polepole. Jiwe lilisaga mtama, na likajisaga lenyewe.

"Unga," alisema Siwatu. Alikishika kibao kwa mikono miwili. Kilikuwa chepesi kama vingine vyote. Alijaribu kufikiri ni akina mama wangapi waliomo ndani yake, akaona sura ya mmoja, kisha ya mwingine, kisha zikawa nyingi mno. Wengine alikuwa amewaandika yeye mwenyewe, mmoja mmoja, na kwa miaka sita alikuwa akiandika jibu asijue.

Msajili Mkuu aliwasindikiza wote wawili hadi langoni kama sheria ilivyotaka. Ukumbini wageni kadhaa walikuwa wamejipanga mbele ya meza ya viapo, si wengi, kama kumi na watano, wakionekana kuogopa na kuona haya. Bwana Fumbwe alisema hajapata kuona foleni pale, na kwamba ameitisha kikao kuijadili.

"Umefungiwa ziwa, kaka," Siwatu alimwambia Mbaruku njiani. "Kwa ajili yangu. Sina la kukulipa."

"Nilikuwa nimefungiwa tangu zamani," alisema Mbaruku. "Niliketi kando yake tu."

Alikwenda naye hadi Tunduwi, na ikawa heri. Wenye vinu walipinga mbele ya baraza, wakauliza kibao kimoja kitawezaje kujua kuliko watu wazima. Siwatu hakuwa msemaji. Mbaruku, aliyesikiliza mabishano miaka tisa, hakubishana. Aliwaomba wenye vinu wawalishe wake zao waja wazito unga huo huo mbele ya watu. Hakuna aliyekwenda kuwaita wake zake. Jioni ile mawe yalitolewa, yakavunjwa, na watu wa Kiziwani walibaki majumbani mwao.

Mbaruku hakukaa. Alisema ziwa limemkatalia lakini milango haijamkatalia. Atakwenda kijiji kwa kijiji, alisema, akibisha hodi na kuuliza kama kuna mwanamke aitwaye Kibibi, wa kwao Uvimba, aliyefika utotoni ameshika mkono wa majirani. Swali dogo, kila siku, kwa miguu. Siwatu alimwandikia majina ya wakunga wote aliowajua hadi mpakani, kwa kuwa wakunga huwajua wanawake wa kila nyumba. Mwaka wa pili barua moja ilikuja kutoka nchi ya nyanda za juu, ikisema tu kwamba mkunga wa tano katika orodha anamkumbuka mtu, naye yuko njiani kwenda kumwona. Baada ya hapo haikuja nyingine, na Siwatu alichagua kuisoma hiyo kama habari njema.

Lakini kabla ya barua hiyo, mwezi wa kumi baada ya mawe kuvunjwa, aliitwa bondeni kwa mama mmoja aitwaye Mwanahija aliyekuwa amekwisha kuzika watatu. Uchungu ulikuwa mrefu. Mtoto alipotoka, alinyamaza kwa muda wa pumzi mbili, na wanawake waliokuwa chumbani wakageuza nyuso ukutani kwa mazoea. Kisha akalia, kwa hasira, kwa sauti ya kuamsha mtaa. Bibi yake akakimbilia kumbembeleza.

Mwanahija aliinua mkono kumzuia. Alikuwa amefumba macho.

"Mwacheni," alisema. "Mwacheni alie kwanza."